Chombo cha Mwisho cha Mama Chungu

Floribert alipofika na baiskeli yake mlangoni mwa sakristia, Martine alikuwa amepanda juu ya kiti, anatoa maua yaliyonyauka katika makopo ya maziwa ya unga. Makopo hayo alikuwa ameyavika karatasi ya dhahabu kwa mkono wake mwenyewe, na ukiyatazama kutoka benchi la mwisho, na macho yako yakiwa mabovu kidogo, ungedhani ni vyombo vya mfalme Sulemani.

"Mama Martine, habari ya asubuhi."

"Muzuri. Weye leo hauko kazini?"

Floribert alikuwa shemeji wa kaka yake Martine, ndugu wa Julie mke wa huyo kaka, na alifanya kazi naye karakana moja kule Panda, mjini Likasi; alimwita yaya, yaani kaka. Aliinama, akaminya gurudumu la nyuma.

"Pneu imepasuka. Karibu na hospitali pale. Nimesukuma tu." Akatazama juu. "Na jua leo ni kali."

Martine alijua. Mtu hasukumi baiskeli kutoka hospitali mpaka parokiani ili aje azungumzie jua. Alishuka kutoka kitini polepole, akiwa na maua makavu mkononi. Kwa ajili ya wakati huu alikuwa amejitayarisha miaka mingi. Katika mikutano ya Lejio ya Maria ni yeye aliyewafundisha wenzake namna Mkristo anavyopokea habari ya msiba: unapiga magoti, unafanya ishara ya msalaba, unasema mapenzi yako yatimizwe. Aliwaonyesha hata namna ya kupiga magoti bila kuanguka upande, maana mama wengine ni wazito.

Alifungua kinywa, na kilichotoka ni hiki:

"Na kile chombo, kimekauka?"

Floribert, aliyekuwa bado anapanga maneno ya kuzunguka, alishtuka hata akayasema yote kwa mara moja.

"Chombo gani? Yaya Théodore amekufa."

Ndipo Martine alipopiga magoti, lakini akiwa amechelewa, na akaangukia upande.

Jioni iliyotangulia alikuwa amekaa kando ya kitanda cha Théodore hospitalini. Kifua cha kaka yake kilikuwa kimebakiwa na pumzi ya maneno machache. Alikuwa ameungama, alikuwa amepakwa mafuta matakatifu, na Martine alisogeza sikio akitazamia neno la imani ambalo angeweza kuwapelekea wenzake wa Lejio. Théodore alivuta pumzi.

"Chini ya meza ya Julie, ndani ya gunia. Kile cha mwisho. Ukichome."

"Minye?"

"Weye. Julie atalia, hataweza. Floribert atakunywa. Weye utakasirika tu, na muntu mwenye hasira anachoma muzuri."

Akapumzika kidogo. Martine akadhani sasa neno la imani linakuja.

"Na usiniwekee zile kopo zako kichwani, tafadhali. Mungu atafikiri minye ni duka la maziwa."

Martine aliahidi. Kwa hiyo siku ile, wakati majirani walipoanza kutoa viti nje na kuweka matawi barabarani ili magari yajue kwamba hapa kuna kilio, yeye alikuwa na ahadi yenye muda wake wa mwisho. Maseremala wa karakana walikuwa wanapiga sanduku. Misa ilipangwa kesho yake asubuhi. Chombo kikitoka salama motoni, kitasimama kichwani pa Théodore kanisani na kaburini. Kikipasuka, yatakuwa makopo.

Na Martine hakuwa amechoma chungu hata kimoja maishani mwake.

Hilo lenyewe lilikuwa kichekesho cha familia. Mama yao alikuwa mfinyanzi, mwenyeji wa kijiji kimoja cha wavuvi ukingoni mwa ziwa Tshangalele, na ufinyanzi kwao ulikuwa kazi ya wanawake, mama humwachia binti. Binti alikuwa mmoja, naye alipelekwa kwa masista. Huko alijifunza Kifaransa, kudarizi, na kuchukia udongo chini ya kucha. Akirudi likizo alikaa mbali na mama yake, sketi nyeupe ameikusanya magotini kama mtu anayevuka mto. Aliyekaa karibu, akakanda, akasokota nyuzi za udongo na kuzipandisha duara juu ya duara, alikuwa Théodore. Mama alimtazama mwanawe wa kiume, akamtazama binti yake mwenye sketi, akasema Mungu ana mambo yake.

Théodore alipokua, Kampuni, ile ya shaba, ilimwajiri katika karakana za Panda awe mwashi wa matofali ya tanuru. Kutwa nzima alijenga kuta zisizopasuka mbele ya moto unaoyeyusha chuma. Jioni alirudi kambi ya wafanyakazi, akaoga, akakaa nyuma ya nyumba na udongo wake, na vyungu vyake vilipasuka mbele ya moto wa kuchemsha maharagwe. Hakuficha jambo hilo. Alilisimulia mwenyewe karakanani kila Jumatatu, vilipasuka vingapi na kwa sauti gani. Wenzake wakamwita Mama Chungu. Théodore alilipenda jina. Akiingia asubuhi alibisha mlango kwa mtungi wa maji na kusema, "Mama Chungu amefika, wanaume mufunge mashati."

Mwanzoni alijaribu chungu cha kupikia. Alimpa Julie, mke wake, na Julie akakiweka jikoni kwa heshima zote. Kilikubali maji, kikakubali maharagwe, kikakubali moto mpaka karibu na kuiva, halafu kitako chake kikashuka peke yake na chakula cha jioni kikazima makaa. Julie hakugomba. Alifagia tu, akasema, "Baba Colette, utafute batu wengine wa kutumikia."

"Njo siku ile niliamua kutumikia maua," Théodore alipenda kueleza. "Maua haina tumbo. Haiulize chakula iko wapi."

Tangu hapo alifinyanga vyombo vya maua tu. Udongo aliuleta kutoka Tshangalele ndani ya magunia, akauchanganya na vigae vya vile vilivyopasuka, ambavyo hakuwahi kupungukiwa. Hakutumia gurudumu la kufinyangia; hakuwa nalo, na hakulitaka. Alijenga kwa nyuzi za udongo, akakwangua kwa kipande cha kibuyu, akasugua kwa jiwe dogo la mtoni alilorithi kwa mama yake, mpaka ngozi ya chombo ikang'aa kama goti la mtoto aliyepakwa mafuta. Vilikuwa vizuri. Hata Martine, ambaye hakupenda kumpa kaka yake sifa za bure, aliona kwamba vilikuwa vizuri. Ila shingo zote zilipinda upande wa kushoto. Alijaribu kukaa upande mwingine, alijaribu kuweka kioo, alijaribu kufunga jicho moja. Zilipinda.

"Zinasikiliza," alisema. "Martine iko upande ule anasengenya, na zenyewe zinataka kujua."

Na vilivuja. Hapo ndipo penye habari yote. Mama yao, akitoa mtungi motoni ukingali mwekundu, aliurushia munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, kwa kifagio kidogo. Munkoyo uliungua juu ya udongo, ukaziba matundu yasiyoonekana, na ukaacha madoa ya kahawia na nyeusi. Mtungi ulishika maji miaka kumi. Théodore alijua hayo tangu utoto, na alikataa. Hakutaka ngozi ile aliyoisugua wiki nzima iharibiwe na madoa.

"Mama alitengeneza vya maji," alisema. "Minye natengeneza vya macho."

Kwa hiyo kila chombo alikitengenezea kisahani chake cha kukaa juu yake, na kisahani nacho kilivuja.

Mwaka mmoja, kabla serikali haijakataza majina ya ubatizo, Martine alilainika. Yeye ndiye aliyekuwa na maua ya altare mikononi mwake, na Pasaka ilikuwa inakaribia. Alimruhusu Théodore alete chombo kimoja. Kilisimama juu ya kitambaa alichodarizi yeye mwenyewe Kwaresima nzima, shingo imepinda kumwelekea padri, na waumini walinong'ona kwamba ni kizuri. Hotuba ilikuwa ndefu. Maji yalitoka chini ya chombo bila haraka, yakavuka zabibu za kudarizi, yakavuka mwanakondoo, yakafika kwenye mkono wa kanzu ya padri huyo, Abbé Symphorien. Abbé aliinua mkono wake, akautazama, halafu akamtazama Martine.

Baada ya Misa alimwambia kwa upole, "Mama Martine, minye nilifikiri tulimaliza ubatizo jana usiku, kwenye mkesha."

Martine hakula siku ile. Théodore alicheka mpaka akashika ukuta, na maneno yale ya Abbé aliyarudia miaka yote, karakanani, kilabuni, hata kwa watu ambao hawakuwa Wakatoliki na ikabidi kwanza awaeleze ubatizo ni nini. Altare ikarudi kwenye makopo.

Hakukata tamaa. Rafiki yake mmoja wa Kambove alimletea mawe ya kijani, yale ya shaba, na Théodore akaona mwanga: chombo cha kijani kama majani, mji mzima utashangaa. Alisaga mawe juu ya jiwe la pilipili la Julie, jambo ambalo Julie alilikumbuka kwa muda mrefu, akapaka unga ule juu ya vyombo sita, akachoma. Vilitoka vyeusi. Si weusi wa kupendeza, weusi wa chini ya sufuria. Alivipanga ukutani, akavitazama akiwa amejishika kiuno.

"Tazama sasa," alimwambia Martine. "Kampuni inachukua jiwe la kijani, inatoa shaba nyekundu, inapeleka Ulaya. Minye nachukua jiwe lile lile, natoa masizi. Na sisi wote tuko Likasi."

Majina ya ubatizo yalipokatazwa, na kila mtu akatakiwa awe na jina la mababu katika karatasi zake, Théodore alipewa kadi mpya kazini. Alitii. Lakini akasema ni hasara kuacha majina mazuri vile yakae bure bila mtu, akaanza kuvipa vyombo. Kuanzia hapo nyuma ya nyumba yake palikuwa na akina Octave, Clotilde, Ambroise. Ukipita ungemsikia anamwuliza Ambroise kwa nini ameinama hivyo. Alivigawa kwa majirani, kwa wafanyakazi wenzake wanaooa. Watu walishukuru, wakaviweka juu ya kabati, wakatia humo maua ya plastiki. Hilo ndilo jambo pekee lililomwuma kweli. Akitoka katika nyumba kama hiyo alinyamaza njiani, halafu baadaye angesema, "Maua isiyokunywa, na chombo isiyoshika. Ndoa ya muzuri," na kucheka. Lakini Martine alimjua. Aliijua ile hatua ya kunyamaza kabla ya kucheka.

Basi ndiye huyo aliyekufa, na chombo chake cha mwisho kilikuwa chini ya meza ya Julie.

Martine alikivuta nje ya gunia mchana ule ule wa Ijumaa. Kilikuwa na tumbo pana na shingo ndefu kidogo, imepinda kushoto. Alikigusa kwa shavu, kama alivyomwona mama yake akifanya. Kilikuwa kikavu, ila kitako kilikuwa bado na ubaridi kidogo, na ubaridi ni maji, na maji ndani ya moto hupasua. Akawasha mbabula, jiko la makaa, nyuma ya nyumba, akakiweka kando ya joto, akawa anakigeuza geuza.

Sasa, kule kijijini kwa mama yao kulikuwa na desturi. Mwanamke anayechoma vyungu hasalimiwi, wala hasalimii mtu. Tangu moto unapowaka mpaka vyungu vinapotoka, anakaa kimya, na watu wanapita mbali. Walisema salamu inaingia ndani ya chungu na kukipasua. Martine aliyajua hayo, na katika mikutano ya Lejio alikuwa ameyasemea sana. Aliyaita mambo ya giza. Alikuwa na mafundisho kamili juu yake, yenye sehemu tatu.

Lakini nyumba ilikuwa ya kilio, na kilio kina desturi yake pia, ambayo hakuna anayeweza kuiacha. Kila anayeingia humwendea mfiwa, analia kwa sauti, anamshika, wanalia pamoja. Wa kwanza kufika alikuwa Mélanie, katibu wa Lejio, mwanamke mwenye kifua cha kulia kwa ajili ya mtaa mzima. Alizunguka pembe ya nyumba mikono imefunguliwa.

"Martine weee, Martine yangu..."

Martine alijisikia akisema, "Usinisalimie."

Mélanie alisimama, mikono ikiwa bado hewani. "Ni nini?"

"Niko nachoma."

"Sababu ya chungu?"

"Sababu ya chungu."

"Weye, Martine. Weye uliyetufundisha..."

"Minye," alisema Martine. "Sehemu zote tatu. Mélanie, ukae pale, tafadhali. Sasa nawasha moto, sitasema tena."

Mélanie alishusha mikono. Alikuwa na sababu nyingi za kuondoka na hadithi nzuri ya kupeleka kwa wenzake. Badala yake aligeuza ndoo, akaikalia penye pembe ya nyumba, mahali ambapo hakuna mtu angepita bila kumkanyaga, akageuza uso wake kwenye ukuta wa jirani na kumlilia Théodore kwa ukuta. Waliofuata walimkuta hapo. Kwa kuwa kilio lazima kipate mtu wa kupokea, walimshika yeye, wakamlilia yeye, wakampa pole yeye. Mélanie alizipokea zote. Mzee mmoja kutoka karakanani, ambaye hakuwa anajua familia vizuri, alimshika mikono miwili na kumwambia kwamba kaka yake alikuwa mwashi wa kweli. Mélanie akajibu, "Asante, tata. Njo vile Mungu amependa."

Martine aliyasikia yote. Alikuwa amekizungushia chombo maganda ya miti, kuni nyembamba, nyasi juu, kama mama yake. Moto ulipanda. Wingu lilikuwa limejikusanya upande wa Kambove na upepo ulibadilika mara mbili. Alitaka kusali rozari, akasita: Salamu Maria ni salamu pia. Akalifikiria jambo hilo kwa uzito wote, mwanamke mzima mwenye cheti cha masista, masizi mpaka kwenye nyusi, kaka yake hajazikwa, na yeye anapima kama Bikira Maria anaweza kupasua chungu. Mwishoni akaamua kusali moyoni, bila kutikisa midomo, ili asikosee upande wowote.

Ndani ya moto kitu kililia "tak." Kilio chote kikanyamaza. Hata Mélanie alikata katikati. Martine alisogea, akachungulia kwa macho yanayotoka machozi ya moshi. Lilikuwa ganda la mti. Shingo ilikuwa pale, imepinda, imeanza kuwa nyekundu.

Ndipo akakumbuka munkoyo.

Ulikuwa upande wa pili wa ua, pipa zima, umeletwa kwa ajili ya wageni, na Floribert ndiye aliyeulinda. Martine alijua kaka yake angesema nini. Vya macho, si vya maji. Lakini Théodore alisema achome. Hakusema namna gani. Na Martine alikuwa amebeba kitambaa kilicholowa moyoni tangu ile Pasaka. Mara moja tu, kabla hajafukiwa, alitaka kuona chombo cha kaka yake kinashika maji. Hata siku ya kifo chake hakuweza kuacha kumsahihisha.

Alimwendea Floribert na kulionyesha pipa kwa kidole.

"Una kiu, Mama Martine. Pole." Akamchotea kikombe.

Martine alitikisa kichwa, akaonyesha kwa mikono kitu kikubwa zaidi. Floribert akaleta kikombe kikubwa cha bati. Martine akatikisa tena. Floribert akatazama watu waliokuwa wanangoja, akasema kwa sauti ya chini, "Lakini ile ni ya batu ya kilio." Martine akachukua karai lililokuwa limefunika pipa, akalizamisha, akalitoa limejaa, akaondoka nalo. Nyuma yake mtu mmoja alisema huzuni inakausha watu koo kwa namna tofauti.

Floribert alimfuata, na alipoona moto alielewa. Alileta nondo mbili. Wawili hao, bila neno, waliingiza nondo chini ya tumbo la chombo, wakakinyanyua kutoka ndani ya makaa, chekundu kama chungwa lililoiva, wakakiweka juu ya mchanga. Martine alichovya kifagio, akarusha munkoyo. Mvuke ulipanda, harufu ya uji ulioungua ikajaa ua mzima. Akarusha tena, akazunguka, akarusha ndani ya shingo. Ile ngozi ambayo Théodore aliisugua kwa jiwe la mama yake ilipokea madoa makubwa na madogo, ya kahawia, meusi, moja kama sikio, moja kama ramani.

Watu walikuwa wamesogea. Mwanamke mmoja alisema kimekuwa kama chui.

"Chui mwenye surua," Floribert alisema.

Julie alitoka ndani, macho yamevimba, akakitazama kwa muda mrefu. "Baba Colette angekasirika," alisema. Kisha, kwa sauti iliyo karibu na kicheko, "Angekasirika sana."

Chombo kilikuwa kimetoka. Martine alifuta mikono kwenye kitenge chake, akaenda penye pembe ya nyumba, akasimama mbele ya ndoo ya Mélanie.

"Sasa unisalimie," alisema.

Mélanie alisimama na kumshika, na hapo ndipo Martine alipomlilia kaka yake kwa mara ya kwanza, kwa sauti, masizi yote yakihamia kwenye blauzi nyeupe ya katibu wa Lejio.

Kesho yake asubuhi sanduku liliwekwa mbele ya altare. Kichwani pake Martine aliweka meza ndogo, na juu ya meza kitambaa kile cha Pasaka, zabibu na mwanakondoo, ambacho hakuwa amekitumia tena. Alijaza chombo maji ya bomba. Ndani yake alitia maua yaliyotoka katika bustani za kambi, na katikati majani ya porini yenye vichwa vyeupe, yale ambayo Théodore aliyapenda na yeye aliyaita magugu.

Abbé Symphorien alikuwa amezeeka. Alipita, akasimama, akainamisha kichwa upande wa shingo ile iliyopinda.

"Inashika, Mama Martine?"

"Sijui, Padri."

Abbé alikunja mkono wa kanzu yake mara moja, akaenda kuanza Misa.

Wanasema alihubiri vizuri sana, kwamba alimtaja kwa jina lake la ubatizo bila kuogopa, na kwamba alisema mambo mazuri juu ya udongo na Muumba. Martine hawezi kuthibitisha. Misa nzima alitazama kitambaa. Alisimama wakati wa kusimama, akapiga magoti wakati wa kupiga magoti, akapokea Komunyo, na macho yake hayakuondoka kwenye zabibu zilizo karibu na kitako cha chombo. Wabebaji walipokuja kuchukua sanduku, alikinyanyua chombo, akapitisha kiganja chini yake. Palikuwa pakavu. Alisimama na kiganja hicho, asijue akifanyie nini. Alitazamia furaha, na alichopata kilifanana zaidi na mtu aliyeshinda mchezo baada ya mwenzake kuondoka.

Alikibeba mwenyewe mpaka makaburini. Wafanyakazi wa karakana walibeba sanduku kwa zamu. Mvua ya usiku ilikuwa imelainisha ardhi na wachimbaji walikuwa wamemaliza mapema. Sanduku lilishushwa kwa kamba. Abbé alinyunyiza maji ya baraka, akasali sala za mazishi. Julie alitupa udongo wa kwanza, kisha Colette binti yake, kisha Martine, kisha Floribert. Wanaume walifukia, wakasawazisha kwa koleo, wakasimika msalaba wa mbao.

Martine alichimba kishimo kidogo upande wa kichwa na kuingiza kitako cha chombo, kisianguke. Mchimbaji mmoja, mzee, alikohoa nyuma yake.

"Mama, ukiacha vile, wataiba. Iko kizima."

Ni kweli. Kila mtu anajua kwamba kitu kinachowekwa juu ya kaburi hutobolewa, bakuli, sahani, karai, kwa sababu kizima hakilali pale usiku mmoja. Martine alikuwa ameyaona makarai yenye matundu maisha yake yote, na hakuwa ameyakumbuka kabisa tangu alipowasha moto. Alikaa amechuchumaa. Floribert alitafuta msumari mfukoni, akatafuta jiwe.

"Nifanye minye?" aliuliza.

"Ufanye weye."

Martine alitoa maua na kuyashika. Floribert alikiinamisha chombo juu ya paja lake, akagonga polepole karibu na kitako, mara kadhaa, kama mtu anayebisha hodi. Hakikupasuka. Tundu lilipatikana, dogo, na maji yakatoka yakaingia ardhini.

"Yaya, utusamehe," Floribert alisema.

Julie aliuliza kama hiki kilikuwa na jina. Martine alisema hakuambiwa. Alikirudisha mahali pake, akapanga maua tena, marefu nyuma, yale ya porini mbele. Walisali Baba Yetu na Salamu Maria. Halafu waliosha mikono na kurudi nyumbani.